Nusu ya Mawaidha: Juu ya Kazi, Subira na Wajibu wa Wakubwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku viumbe vyake vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya. Mji ukipungukiwa na kazi huzidiwa na maneno. Kijana aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda gatini sasa huamka akaketi barazani, na barazani hapana kazi illa kusema. Mmoja atasema kosa ni la serikali. Wa pili atasema kosa ni la wageni waliotoka bara. Wa tatu atasema kosa ni la vijana wenyewe, kwani wamekuwa wavivu, hawataki illa kazi ya kuketi juu ya kiti. Kisha atasema mzee mwenye heshima yake, ambaye watu hunyamaza asemapo: "Riziki yatoka kwa Mungu. Subirini, mtiini mwenye amri, wala msiingie katika fitina." Na hapo mazungumzo hukatika, kwani ni nani atakayesimama kuyapinga maneno ya dini?

Maneno ya mzee huyo ni ya kweli, wala waraka huu haukuandikwa kuyapinga. Wenye kushika ya kale wana haki katika mengi wayasemayo juu ya siasa za zama hizi. Wasema kuwa vurugu huvunja nyumba ya maskini kabla ya kuvunja kasri la tajiri, wasema kweli. Wasema kuwa mtu ale jasho lake asiwe mzigo kwa wenziwe, wasema kweli. Wasema kuwa hapana serikali iwezayo kumpa mtu baraka aliyoikataa yeye mwenyewe kwa uvivu na mirungi, wasema kweli. Swali lililopo ni jingine: je, maneno hayo ni mawaidha kamili, au ni nusu ya mawaidha? Na mgonjwa aliyepewa nusu ya dawa, akafa, atasemwa kuwa alitibiwa?

KISA CHA SHOKA

Hadithi ipendwayo zaidi na wasemao juu ya kazi ni ile aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Anas. Mtu mmoja katika Ansari alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akaomba. Katika kusimuliwa barazani kisa hiki huwa kifupi sana: mtu aliomba, akaambiwa akakate kuni, akakata, akapata dirhamu kumi, akaacha kuomba. Basi kijana asiye na kazi huambiwa: nawe nenda ukakate kuni.

Lakini kisa si kifupi hivyo. Mtume hakuanza kwa kumwambia mtu yule afanye kazi. Alianza kwa kumwuliza ana nini nyumbani kwake. Akajibiwa kuwa lipo tandiko moja, ambalo sehemu yake watu wa nyumba hujifunika na sehemu hulikalia, na liko bakuli la kunywea maji. Akaamuru viletwe, akavishika kwa mkono wake, akavinadi mbele ya watu waliokuwapo. Mmoja akasema atavichukua kwa dirhamu moja. Mtume hakuridhika na bei ile, akauliza mara mbili au tatu ni nani atakayezidisha, mpaka akatokea aliyetoa dirhamu mbili. Dirhamu moja akaambiwa anunue chakula awapelekee watu wake, ili asiende kazini na huku nyuma nyumba yake ina njaa. Dirhamu ya pili akaambiwa anunue kichwa cha shoka akilete. Alipokileta, Mtume akakitia mpini kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo alipomwambia aende akakate kuni akauze, na asionekane kwa muda wa siku kumi na tano.

Wanazuoni wa Hadithi wamesema yao juu ya sanadi ya riwaya hii, lakini maana yake yaungwa mkono na Hadithi sahihi za Bukhari na Muslim zimpendeleazo mwenye kubeba kuni mgongoni kuliko mwenye kuwanyoshea watu mkono. Basi na azingatie mwenye akili. Mtu yule alisikizwa haja yake; mali yake kidogo ikahesabiwa; ikatafutiwa bei ya haki kwa wenye nacho; watu wake wakalishwa; chombo cha kazi kikanunuliwa; na mkubwa wa umma akakitengeneza kwa mkono wake. Mambo sita yalitangulia neno la kumwambia mtu "nenda ukafanye kazi." Ayaondoaye sita akabakisha la saba hakusimulia Hadithi, bali amesimulia mkia wa Hadithi.

Tena kuna jambo ambalo riwaya haikuhitaji kulitaja, kwani lilikuwa wazi. Msitu ulikuwapo wa kukatwa kuni, na soko lilikuwapo la kuziuzia, wala hakutokea mtu njiani aliyesema kuwa kuni zote lazima zipite katika ghala lake. Waswahili wamesema zamani kuwa shoka lisilo mpini halichanji kuni. Na shoka lenye mpini nalo halichanji kuni pasipo na msitu.

RELI MBILI ZA MOMBASA

Mji wa Mombasa wafaa kuwa mfano katika jambo hili, kwani riziki ya watu wake imetikiswa na reli mara mbili.

Kabla ya mara ya kwanza, bidhaa zilikuwa zikienda bara na kurudi juu ya vichwa vya watu. Misafara ilitoka Mombasa, Pangani na Bagamoyo, na nyuma ya kila mpagazi walikuwako wengine walioishi kwa safari yake: mwenye kumkopesha, mwenye kumpikia, mwenye kumwuzia kamba na kanzu. Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896. Wakaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na reli ikafika Nairobi mwaka 1899, na ziwani mwezi wa Desemba 1901. Upande wa Wadachi, reli ilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na Bagamoyo iliyokuwa mlango wa misafara ikabaki ukingoni. Mzigo uliokuwa ukichukua miezi ukawa wachukua siku. Hapana mwenye insafu asemaye kuwa yafaa kuurudisha mzigo juu ya kichwa cha mtu, kwani njia ile iliwala watu wengi. Lakini reli ile haikujengwa kwa kumfikiria mpagazi, na alipopoteza kazi hapana aliyemtilia shoka mpini.

Mara ya pili ni katika zama hizi. Tangu miaka ya 1970 makasha makubwa ya chuma yalianza kushika mahali pa magunia, na winchi zikashika mahali pa mabega ya makuli. Hata hivyo mji ulijizulia riziki mpya juu ya makasha hayo hayo. Wakatokea mawakala wa forodha, maghala ya makasha kandokando ya Changamwe na Miritini, madereva wa malori na matingo wao, mafundi wa makanika, wauza magurudumu, na akina mama wauzao chai na mahamri kandokando ya njia, kutoka Mariakani na Maungu mpaka Mtito Andei. Kisha tarehe 31 Mei 2017 ilifunguliwa reli mpya kutoka Mombasa mpaka Nairobi, yapata kilomita 472, iliyojengwa kwa mkopo wa Uchina uliobeba karibu asilimia 90 ya gharama zake. Treni za shehena zikaanza Januari 2018. Na kwa kuwa reli ilizaliwa na deni, na deni lataka kulipwa, serikali ikaanza kuisukuma shehena ya bara kwenye treni, itolewe ushuru katika bandari kavu ya Nairobi badala ya Mombasa. Mwezi wa Agosti 2019 amri ikakazwa.

Hapo watu wa Mombasa wakatoka barabarani siku za Jumatatu kulalamika. Oktoba 2019 serikali ikatangaza kuisimamisha amri, lakini wenye malori na maghala waliendelea kusema kuwa mambo yalikuwa yale yale. Haikuwa mpaka tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa Rais William Ruto, ndipo ilipotangazwa kuwa shughuli za kutoa shehena zarudishwa Mombasa. Tangu treni za shehena zilipoanza mpaka siku hiyo ni miaka minne na zaidi, na miaka minne ni mingi kwa mtu alaye cha leo leo.

Haki yataka hoja ya serikali nayo isikizwe. Deni la reli ni deni la taifa zima. Reli isiyo na shehena hailipi. Na malori huharibu barabara na huua watu njiani. Hoja hizi si za kipuuzi. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya kumwambia mfanyabiashara, "Treni yangu ni nafuu na ni ya haraka, njoo," na kumwambia, "Mzigo wako hautoki bandarini illa kwa treni yangu." La kwanza ni biashara. La pili ni mwenye nguvu kuutumia upanga wake sokoni.

NENO LA IBN KHALDUN

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 akafa Misri mwaka 1406, ameandika katika Muqaddima yake mlango mzima kubainisha kuwa mtawala akiingia mwenyewe katika biashara huwadhuru raia na huiharibu hazina yake mwenyewe. Sababu aliyoitaja yaeleweka na kila mwenye duka. Raia hushindana na raia aliye sawa naye au karibu naye, lakini mtawala ana mali isiyo kikomo na ana askari. Akitaka kununua hununua kwa bei aipendayo, na akitaka kuuza hapana awezaye kukataa. Wafanyabiashara wakiona hivyo mioyo yao huvunjika, huacha kazi, na wakiacha kazi kodi hupungua. Basi mtawala huwa amepata senti kwa mkono mmoja, na akapoteza shilingi kwa mkono wa pili.

Tena ameeleza kuwa dola ikiwa changa hutoza kidogo ikapata kingi, na ikizeeka hutoza kingi ikapata kidogo. Neno hili limependwa sana na wenye kushika ya kale katika nchi za Magharibi. Ronald Reagan, aliyekuwa Rais wa Marekani, alimtaja Ibn Khaldun mwaka 1981 alipokuwa akitetea kupunguzwa kwa kodi. Lakini wengi walioipenda nusu hiyo ya Muqaddima hawakuigeuza kurasa. Kwani Ibn Khaldun huyo huyo amesema kuwa dhulma ndiyo iharibuyo umma na miji, na kuwa miongoni mwa dhulma kubwa ni kuwafanyisha watu kazi bila ya haki, kwa kuwa kazi ya mikono yao ndiyo rasilmali yao. Amwibiaye maskini ujira wake amemwibia duka lake zima. Hata huko, basi, mawaidha hukatwa nusu: mwenye mali huchukua sehemu isemayo kodi ipunguzwe, akaiacha sehemu isemayo ujira ulipwe.

UTIIFU NA NASIHA

Wanazuoni wa Kisuna wamekataza kumtokea mtawala kwa silaha, na wamekataza kwa hekima, kwani wameona katika historia kuwa mwaka mmoja wa mji usio na mkubwa waweza kumwaga damu nyingi kuliko miaka mingi ya mkubwa dhalimu. Neno hili haliachwi. Lakini vitabu vile vile vilivyoandika utiifu vimeandika kando yake nasiha. Vimesema kuwa kiumbe hatiiwi katika kumwasi Muumba, na kuwa neno la haki mbele ya mtawala dhalimu ni katika jihadi bora. Mwenye kuusoma ukurasa wa utiifu akaufunga ukurasa wa nasiha ameificha elimu.

Na atazamwe Sayyidna Umar, radhi za Mungu zimfikie, katika mwaka wa 18 wa Hijra, mwaka wa njaa kubwa ya Bara Arabu. Alijizuia na samli na nyama mpaka watu wote wapate, na mwili wake ukabadilika rangi. Na imepokewa kuwa katika njaa ile hakuwakata mikono walioiba. Hakuna ashikaye ya kale kuliko Umar, wala hakuna aliyeogopa zaidi kuichezea sheria. Lakini alijua kuwa haki ya mtawala kumwadhibu mwenye njaa hufuata wajibu wake wa kumlisha.

Kwa mizani hiyo na yapimwe mambo ya Juni 2024. Serikali ya Kenya ilileta Mswada wa Fedha uliotaka hapo mwanzo hata mkate utozwe kodi ya asilimia 16. Vijana wengi, na wengi wao wakiwa wamesoma na hawana kazi, wakatoka barabarani. Tarehe 25 Juni wakaingia Bunge, na sehemu yake ikachomwa moto, risasi zikapigwa, na siku ya pili yake Rais akakataa kuutia sahihi mswada ule. Katika siku zile na wiki zilizofuata makumi ya watu waliuawa.

Walikuwako wazee waliosema kuwa vijana hawana adabu, na wakaishia hapo. Walikuwako vijana waliosema kuwa serikali ni dhalimu, nao wakaishia hapo. Kila kundi lilishika nusu. Kuvunja duka la mtu na kuchoma mali ya umma ni haramu, na njaa haihalalishi kumharibia jirani. Na kumpiga risasi mtu asiye na silaha ni haramu iliyo kubwa zaidi, kwani duka hujengwa upya na roho hairudi. Mzee aliyelaani la kwanza akalinyamazia la pili, asishangae vijana wakiacha kuja darsani kwake. Hawakuikimbia dini. Wameikimbia mizani yenye kitanga kimoja.

Wala kudai haki kwa utulivu si fitina. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa wapatao 15,000, wa bandari na reli na majumba, walikataa kwenda kazini kwa sababu ujira wao haukuwatosha kula na kulala. Mji ulisimama karibu wiki mbili. Baraza la kusikiza likaundwa, na ujira ukaongezwa. Watu wale walikuwa wameomba kitu ambacho sheria ya Kiislamu ingewapa kabla hawajaomba.

JUU YA MGENI

Kuna maneno mengine ambayo husemwa kwa sauti ya chini, na hudhaniwa kuwa ni kuitetea pwani. Husemwa: kazi ziko, illa zimechukuliwa na watu wa bara, waondoke, na kazi zitarudi.

Kuna kweli ndani yake isiyofaa kufichwa. Watu wa pwani wamelalamika kwa miaka mingi juu ya ardhi iliyogawiwa wengine na juu ya nafasi zigawanywazo kwa kujuana, na lalamiko hilo lina haki ya kupelekwa mbele ya mabaraza na mahakama. Lakini kulitoa lalamiko kwa mkubwa aliyegawa na kulipeleka kwa kibarua aliyepewa ni kumwacha mwizi na kumkamata mnunuzi.

Tena jambo hili limejaribiwa. Agosti 1997, usiku wa tarehe 13, watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, kisha watu wa bara wakashambuliwa huko na katika pwani ya kusini. Watu wapatao mia wakauawa, na maelfu kwa maelfu wakahama nyumba zao. Je, kazi zilirudi? Watalii waliacha kuja, hoteli zikafunga milango, na waliofutwa kazi humo ni pamoja na wapishi, watumishi wa vyumba, wachonga vinyago na wenye mashua, na wengi wao walikuwa wenyeji wa pwani. Mgeni alikimbia na sahani, na mwenyeji akabaki na jiko lisilo moto. Aliyeambiwa kuwa riziki yake imo mkononi mwa jirani yake amedanganywa mara mbili: katika itikadi yake, kwani riziki yatoka kwa Mungu, na katika hesabu yake.

NUSU WAISHIKAO VIJANA

Isidhaniwe kuwa lawama ni ya wazee peke yao. Vijana nao wana nusu yao. Wameijua haki ya kufanyiwa, wakaisahau haki ya kufanya. Yuko aliyemaliza skuli akaona haya kushika nyundo mbele ya wenziwe, na haya hiyo haikutoka katika dini. Nabii Daud alikuwa mfua chuma, na Nabii Zakaria alikuwa seremala, amani iwashukie. Yuko aliyepewa kibarua akafika saa tatu, akaondoka saa sita, kisha akasema amedhulumiwa. Mwenye kutaka wakubwa wamtilie shoka mpini sharti awe ni mtu wa kulipeleka msituni, kwani mtu yule wa Ansari alitoa tandiko la nyumba yake kwanza, na alikwenda siku kumi na tano.

Na wako waliokata tamaa na bandari wakaikabili bahari. Vijana wengi wa pwani, waume kwa wake, wamekwenda Saudia, Qatar na nchi nyingine za Ghuba kuwa walinzi, madereva na watumishi wa nyumbani. Safari ya kutafuta halali si aibu, nayo imejenga nyumba nyingi huku. Lakini yuko wakala atozaye ada kubwa kisha akampeleka mtu kwenye kazi asiyoahidiwa, na yuko mwajiri ashikaye pasi ya mtumishi na kuuchelewesha mshahara wake, akitegemea utaratibu wa kafala umfungao mtumishi kwa bwana wake. Husemwa barazani: wavumilie, ile ni nchi ya Kiislamu. Hilo ndilo lizidishalo kosa, wala halilipunguzi. Mtume, rehema na amani zimshukie, ameamuru mwajiriwa alipwe ujira wake upesi, na amri hiyo huwa nzito zaidi juu ya mtu aswaliye.

MPINI WA SHOKA

Basi ni nini la kufanywa, na maneno ya siasa hayamo mikononi mwa kila mtu? Liko lililo mikononi mwa watu wa pwani leo, nalo ni zaka.

Wanazuoni wa Kishafii, naye Imam Nawawi miongoni mwao, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra na ambaye Minhaj yake yajulikana katika darsa za Lamu, Mombasa na Unguja, wameeleza namna ya kumpa zaka fakiri awezaye kufanya kazi. Mwenye ufundi hupewa thamani ya zana za ufundi wake, ziwe chache au nyingi. Mfanyabiashara hupewa rasilmali inayofaa biashara yake. Na asiyeweza kuchuma hupewa kinachomtosha kwa umri wake, kama kununuliwa milki ambayo atakula katika mapato yake. Yaani makusudi ya zaka ni kuwa mtu apewaye mwaka huu asije mwaka ujao kupokea, na pengine aje kutoa. Hayo ndiyo yaliyofanywa katika kisa cha shoka, yameandikwa katika fikihi ya madhehebu yashikwayo pwani tangu zamani, wala si bidaa ya watu wa zama hizi.

Na yatazamwe yafanywayo. Ramadhani ikifika, maskini hupangwa safu mbele ya mlango wa tajiri tangu asubuhi, juani, vikongwe na watoto, kila mmoja apewe noti moja. Mwaka ujao hurudi wale wale, na wanao wameongezeka. Tajiri huona wingi wa safu kuwa ni wingi wa ukarimu wake, na hali ni wingi wa mafakiri ambao fedha yake haikumtoa hata mmoja katika ufakiri.

Lau watu kumi wenye mali katika msikiti mmoja wangekusanya zaka zao, wakauliza kama alivyouliza Mtume, "Una nini nyumbani kwako?", wangeweza kumnunulia huyu cherehani, na yule nyavu, na wa tatu wakamlipia leseni ya udereva au zana za kutengenezea mashine za mashua. Wasingemaliza ufakiri wa mji, lakini kila mwaka wangewatoa wachache katika safu ile wasirudi. Na kama kila mwenye duka angemlipa mtumishi wake siku ya mwisho wa mwezi bila ya kumzungusha, na kila mwenye nafasi ya kuajiri akamtazama mtu kwa kazi yake, si kwa jina la babake, yangepatikana mengi ambayo hayahitaji sahihi ya waziri yeyote.

Hilo halimwondolei mtawala wajibu wake. Mwenye kutengeneza mpini mtaani kwake ndiye mwenye haki zaidi ya kusimama mbele ya mkubwa na kumwambia kuwa msitu usifungwe. Na mkubwa humwogopa mtu huyo kuliko mpiga kelele, kwani hana la kumwambia.

Kushika ya kale ni jambo jema, lakini ni kuyashika yote. Mzee na aendelee kusema kuwa riziki yatoka kwa Mungu, kwani ni kweli isiyobadilika. Kisha ainuke pale barazani amshike mkono kijana, aende naye kwa tajiri amwambie neno la zaka, na aende naye kwa mwenye amri amwambie neno la haki, na njiani amwambie kijana neno la bidii. Akifanya hivyo atakuwa ametoa mawaidha kamili. Na subira aliyoiamrisha itamea, kwani itakuwa imepandwa katika udongo wake: subira ya mtu aliye na shoka mkononi akingojea mti uanguke, si subira ya mtu mwenye mikono mitupu akingojea kuanguka yeye.

Mwenyezi Mungu awaruzuku watu wa pwani kazi za halali, awape wakubwa wao hofu ya siku ya hesabu, na awafikishe wenye mali katika haki za walio chini yao. Amin.